Frezi, konfitiri, bisapu au lengalenga: rangi ipi inavuka salama tumboni?

Sehemu kubwa ya rangi nyekundu ya frezi (wengine huziita stroberi) huharibika kabla haijafika damuni. Naliweka mbele jambo hili kwa sababu hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, matunda yenye rangi kali yanauzwa kwa ahadi nyingi: yanasafisha damu, yanachelewesha uzee, yanafukuza kansa. Mama wa Kabare anayepanga bakuli zake za frezi sokoni Nyawera hasemi mengi. Anayesema mengi ni yule anayepita nyumba kwa nyumba na kopo la unga wa zambarau kutoka ng'ambo, lenye tarakimu kubwa ya kile kinachoitwa nguvu ya antioksidanti, yaani uwezo wa kukinga chembe za mwili zisiharibiwe. Mnunuzi hubaki na swali lake la haki. Feza ni ileile ya juma zima. Je, aitoe kwa frezi mbichi, konfitiri (jamu), juisi, maua makavu ya bisapu (rozela), betrave (bitiruti), au abaki na lengalenga (mchicha) na mawese kama alivyozoea?

Nalinganisha vyakula hivi kwa kuuliza kwanza kila kimoja kinabakiza nini baada ya tumbo na utumbo kumaliza kazi yake. Ukiuliza hivyo, mpangilio unabadilika sana, na unga wa kopo unashuka hadi chini kabisa.

Kinachotokea ndani

Rangi ya frezi, ya beri nyeusi za porini zenye miiba, ya maganda ya biringanya na ya bisapu ni ya ukoo mmoja uitwao anthosianini. Ukoo huu una matawi. Frezi ina zaidi pelagonidini, beri nyeusi ina sianidini, bisapu ina delfinidini na sianidini pamoja. Matawi yote yana tabia moja: hutulia penye uchachu, na uchachu ukiondoka huanza kuvunjika.

Unaweza kuliona jikoni kwako. Ponda beri nyeusi chache, chuja, gawa maji yake katika glasi mbili. Ya kwanza itie ndimu. Ya pili itie bikarbonati kidogo, ileile ya mandazi, kwa ncha ya kijiko. Ya ndimu itazidi kuwa nyekundu. Ya bikarbonati itageuka zambarau chafu au buluu ya kijivu, na ukiiacha mezani itakwenda ikififia hadi kuwa kahawia. Basi jua kwamba kongosho lako linatoa bikarbonati ya namna hiyohiyo kila chakula kinapotoka tumboni, ili kupunguza ukali wa asidi. Ulichokiona kwenye glasi ya pili ndicho kinachoipata frezi uliyokula.

Mdomoni chakula hakikai muda wa kuleta madhara. Tumboni, kipimo cha uchachu, yaani pH (namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali zaidi), huwa kati ya 1.5 na 3.5 kabla chakula hakijakijaza, na hapo anthosianini iko salama kuliko mahali pengine popote mwilini. Kiasi fulani hata hunyonywa hukohuko tumboni. Shida inaanza kwenye utumbo mwembamba. pH inapanda hadi 6, 7 na zaidi kidogo, nyongo inamwagika, vimeng'enya vya kongosho vinaingia kazini, joto ni digrii 37, na chakula kinakaa humo saa kadhaa.

Mwaka 2014 watafiti wa nchi nyingi, katika mtandao uitwao INFOGEST, walikubaliana namna moja ya kuiga safari hii ndani ya chupa: dakika 2 za mdomo, saa 2 za tumbo kwa pH 3, saa 2 za utumbo mwembamba kwa pH 7. Kabla ya hapo kila maabara ilikuwa na saa zake na asidi yake, na matokeo hayakuweza kulinganishwa. Beri zikipitishwa humo, sura inayojirudia ni hii: baada ya tumbo rangi bado ipo kwa wingi, baada ya utumbo mwembamba imeshuka vibaya.

Wengi wakisikia hivyo hukata tamaa na kusema beri ni pesa ya bure. Hapo ndipo naomba subira, maana kuvunjika kwa rangi si mwisho wake. Kwa miaka mingi watafiti walitafuta anthosianini nzima kwenye mkojo wa watu waliokula beri, wakapata chini ya asilimia 1 ya iliyoliwa, wakahitimisha kwamba mwili hauiingizi. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walifanya kitu cha akili zaidi. Waliwapa wanaume 8 miligramu 500 za sianidini iliyotiwa alama kwa kaboni nzito, kisha wakaifuata alama hiyo popote ilipokwenda, hata katika pumzi. Wakakuta kwamba takriban asilimia 12 ilikuwa imeingia mwilini kwa hakika. Kilichokuwa damuni, kwa sehemu kubwa mno, kilikuwa vipande vidogo vilivyotokana na kuvunjika kwake, na baadhi viliendelea kuonekana hata baada ya siku mbili. Aliyekuwa akitafuta rangi nzima alikuwa akiwaruka wana wake wote.

Vipande hivyo vinatoka wapi? Baadhi hutokana na ile pH ya utumbo mwembamba. Vingine ni kazi ya bakteria wa utumbo mpana, ambako rangi iliyobaki hufika ikiwa imeshikamana na nyuzinyuzi za tunda. Frezi na beri nyeusi zina pia kitu kingine, elajitanini, ambacho bakteria hao hukigeuza kuwa urolithini. Hapa watu hawafanani hata kidogo: wapo ambao bakteria wao hutengeneza urolithini kwa wingi, na wapo wasiotengeneza kabisa, hata wakila bakuli lilelile mezani pamoja. Kwa sababu hii simwamini mtu yeyote anayeniambia kwamba gramu fulani za beri zitanipa faida fulani kamili. Hamjui bakteria wangu.

Ile tarakimu ya kopo nayo hupimwa ndani ya chupa ya maabara, kabla ya tumbo lolote. Wizara ya kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya vipimo vya namna hiyo, viitwavyo ORAC, kwa mamia ya vyakula. Mwaka 2012 iliiondoa orodha nzima, ikieleza kwamba namba hizo hazionyeshi kinachotokea mwilini na kwamba wafanyabiashara walikuwa wakizitumia vibaya kuuza bidhaa zao. Ukiletewa kopo lenye ORAC, unaonyeshwa kitu ambacho waliokuwa wakikichapisha walikwisha kukiacha.

Je, kula beri kunasaidia kweli? Dalili zipo. Utafiti mkubwa wa wauguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 uliwafuata wanawake 93,600 kwa miaka 18. Waliokula anthosianini kwa wingi, zaidi kutoka kwenye frezi na bluberi, walipata shambulio la moyo kwa theluthi moja hivi pungufu kuliko waliokula kidogo kabisa. Ni utafiti wa kufuatilia watu tu, na mwenye kula beri mara kwa mara huenda anafanya mengine mema pia. Ila ni ushahidi wa chakula halisi kilicholiwa na watu halisi, na kwangu una uzito kuliko namba ya kopo.

Frezi mbichi na konfitiri

Hapa sina wasiwasi: mbichi inashinda, na sababu kubwa ni ujazo zaidi ya kemia. Kemia ipo, ndiyo. Frezi zikichemshwa na sukari, sehemu ya anthosianini inaharibika jikoni, na nyingine inaendelea kuharibika ndani ya chupa kabatini. Konfitiri iliyokuwa nyekundu nzuri siku ya kwanza huwa ya kahawia baada ya miezi, na kwenye joto huwa hivyo upesi zaidi. Vitamini C nayo inapungua. Lakini hata kama moto usingeharibu chochote, fikiria kipimo tunachokula. Kijiko cha konfitiri juu ya mkate ni gramu 20 hivi, na zaidi ya nusu yake ni sukari. Tunda lililomo halizidi frezi moja ndogo. Bakuli la frezi mbichi ni gramu 150. Konfitiri ni njia nzuri ya kuokoa mazao yasioze, na mama anayeipika apate wateja, ila tusiinunue kama dawa.

Frezi za frigo zingekuwa chaguo zuri, maana kugandisha hutunza rangi vizuri. Tatizo la mji wetu ni umeme. Frezi iliyoganda ikiyeyuka, chembe zake zimeshapasuka, vimeng'enya vyake vinakutana na rangi na hewa, na kazi ya kuharibu inaanza palepale. Ikigandishwa tena kesho yake, inakuwa imepata hasara mara mbili. Mwenye umeme wa uhakika agandishe. Sisi wengine tule siku ileile.

Tunda zima au juisi

Katika chupa za maabara juisi mara nyingine huonekana kushinda, kwa sababu rangi imeshatoka ndani ya tunda na inapimika kirahisi. Mimi nachagua tunda zima, na sababu iko kwenye utumbo mpana. Nyuzinyuzi hushikilia sehemu ya rangi na kuipitisha kwenye eneo lile la pH mbaya hadi kwa bakteria wanaoweza kuitumia. Juisi iliyochujwa imeacha nyuzinyuzi kwenye chujio. Zile punje ndogo juu ya ngozi ya frezi nazo zina elajitanini kwa wingi kupita umbo lao, ukichuja, unazitupa. Kama mtoto anataka kunywa, saga kwa mashine na umpe bila kuchuja.

Juisi za boksi za dukani siziweki hata kwenye ulinganisho huu. Soma maandishi yake: mara nyingi maji na sukari vimetangulia, tunda liko nyuma.

Pamoja na mashanza, au bila maziwa

Swali hili naulizwa kuliko yote, kwa kuwa frezi zilizokorogwa ndani ya mashanza (maziwa ya mgando) ni tamu kweli na watoto hawazikatai. Protini za maziwa hushikana na anthosianini, hilo ni kweli. Kama inaleta hasara, majaribio hayasemi sauti moja. Watu waliopewa frezi pamoja na krimu, katika utafiti uliotoka mwaka 2008, walichelewa tu kuingiza rangi damuni. Kwa jumla ya siku nzima tofauti haikuwa ya maana. Mwaka uliofuata, utafiti mwingine wa bluberi na maziwa ulikuta nguvu ya antioksidanti ya damu haikupanda kama ilivyopanda kwa waliokula bluberi peke yake. Matunda tofauti, vipimo tofauti.

Msimamo wangu ni huu. Mtoto wa Bukavu anahitaji protini na kalisi (kalsiamu) ya mashanza kuliko anavyohitaji vipande vya sianidini. Achanganye na ale. Mtu mzima anayekula frezi kwa ajili ya moyo na mwenye maziwa ya kutosha kwa nyakati nyingine anaweza kula frezi zake bila maziwa, apate amani.

Bisapu

Bisapu inanifurahisha kwa sababu inapingana na kila anayetaka hesabu rahisi. Rangi yake ni kali sana na uchachu wake mwenyewe huilinda glasini. Ila mwilini rangi hiyo nzima karibu haionekani: kwenye mkojo wa wanywaji hupatikana sehemu ndogo mno, chini sana ya asilimia 1. Kwa kigezo cha rangi peke yake ningeiweka mkiani. Hata hivyo, jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2010 liliwapa watu wazima 65 wenye shinikizo la damu lililopanda kidogo vikombe 3 vya bisapu kwa siku kwa majuma 6, na namba ya juu ya shinikizo lao ilishuka kwa takriban 7, huku ya waliopewa kinywaji cha kuigiza ikishuka kwa 1 tu. Kuna kitu kinafanya kazi pale, kiwe asidi zake, kiwe vile vipande vya rangi iliyovunjika.

Faida nyingine ni ya mfukoni. Maua makavu yanakaa miezi bila frigo, na konzi moja inatosha familia. Tatizo ni sukari tunayoimwagia. Bisapu ya barabarani yenye sukari kama soda haiwezi kumsaidia mwenye shinikizo, wala mwenye kisukari. Tia kidogo, au tia nanasi la kisiwa cha Idjwi lichukue nafasi ya sukari. Na anayemeza tayari vidonge vya kushusha shinikizo amwambie munganga (daktari) wake kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku, maana viwili vikishusha pamoja anaweza kuona kizunguzungu.

Pruni za Japani, ambazo watu huzipita

Tunda hili, tree tomato kwa Kiingereza, majirani zetu wa Rwanda huliita ikinyomoro. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na limezoea baridi ya milima yetu. Lipasue uone: nyama yake ni ya rangi ya chungwa, na ute unaozunguka mbegu ni mwekundu wa giza, hasa kwenye aina nyekundu. Ute ule ni anthosianini, nyama ile ni karotenoidi, ukoo mwingine wa rangi za njano na chungwa. Unapata koo mbili za rangi kwa tunda moja, lenye uchachu wa kutosha kuilinda rangi hata likipikwa kidogo, na mara nyingi kwa bei nafuu kuliko frezi. Ganda lake ni chungu, limenye. Usichuje mbegu. Kati ya matunda yote ninayoyataja hapa, kwa mtu asiye na shida ya tumbo kuchoma, hili ndilo ningependa lipate nafasi zaidi kwenye meza zetu.

Marakuja (pasheni) ni kinyume chake. Zambarau yake yote iko kwenye ganda, ambalo hatuli. Ndani mnabaki rangi ya njano, ambayo ni karotenoidi. Ni tunda zuri, ila lisinunuliwe kwa sababu ya zambarau. Biringanya nayo rangi iko kwenye ganda, na ni ya aina ngumu inayostahimili moto na pH kuliko ya frezi. Ugumu huohuo huifanya inyonywe kwa shida zaidi. Kustahimili na kuingia damuni ni mambo mawili, na nimeona watu wakiyachanganya hata kwenye maandishi ya wataalamu. Basi biringanya usiimenye, ila usiitegemee.

Rangi ambazo si za ukoo huu

Betrave wengi huiweka kundi moja na frezi kwa kuwa zote ni nyekundu. Rangi yake ni betalaini, ukoo mwingine kabisa, na mmea wenye betalaini hauwi na anthosianini. Fanya tena lile jaribio la ndimu na bikarbonati kwa maji ya betrave: kiasi kidogo cha bikarbonati hakitaigeuza kama kilivyoigeuza beri. Betalaini hustahimili pH kuanzia 3 hadi 7 vizuri, kwa hiyo utumbo mwembamba hauiogopeshi sana. Inachoogopa ni moto mrefu. Watu kama mmoja kati ya kumi, wakila betrave, hukojoa mkojo mwekundu. Si damu, wasikimbilie hospitali. Lakini sababu bora ya kula betrave ni naitrati yake, ambayo bakteria wa mdomoni huanza kuigeuza na mwisho wake ni mishipa ya damu kulegea na shinikizo kushuka. Anayesukutua mdomo kila siku kwa dawa kali ya kuua bakteria anajinyima faida hiyo.

Lengalenga nyekundu ina betalaini pia. Ndiyo ile rangi inayobaki kwenye maji ya kuchemshia. Sihuzuniki inapomwagika. Hazina ya lengalenga ni beta-karotini, karotenoidi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, iliyofichwa chini ya ukijani, na hapa kanuni za safari zinageuka. Karotenoidi hazijali pH. Zinahitaji mafuta na nyongo, na moto kiasi huzisaidia kutoka ndani ya jani. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliwapa watu saladi ileile, mara bila mafuta, mara yenye mafuta: bila mafuta, karotenoidi karibu hazikuingia damuni kabisa. Avokado, ambayo hapa kwetu huanguka chini na kuoza kwa wingi wake, inafanya kazi ya mafuta vilevile.

Mawese yamekwisha kuwa rangi na mafuta kwa pamoja. Ndiyo maana sombe (kisamvu) au lengalenga iliyopikwa kwa mawese mekundu ni chakula ambacho utumbo unakitumia vizuri kuliko karibu chochote kwenye makopo. Jambo moja linaniuma: desturi ya kuunguza mawese kwenye sufuria hadi yawe meupe ili kupunguza harufu. Wekundu unaopotea ndiyo karotini yenyewe. Pasha moto wa kawaida, kaanga kitunguu, endelea.

Na anthosianini haigeuki vitamini A hata kidogo. Mzazi anayetafuta macho mazuri na kinga kwa mtoto wake asitegemee frezi. Atafute vyakula vya rangi ya chungwa na vya kijani kibichi: karoti, papai, maembe, viazi vitamu vya ndani ya rangi ya chungwa, lengalenga, mawese.

Chuma na chai

Rangi hizi zina upande mwingine. Jamii yao pana, polifenoli, hushika chuma cha mimea na kukizuia kunyonywa. Chai kali inayonywewa pamoja na maharage hufanya hivyo waziwazi, na ganda la maharage mekundu lenyewe lina tanini, ambayo ni ya jamii hiyohiyo. Frezi inaponyoka kwa sehemu kubwa kwa sababu inakuja na vitamini C, miligramu 59 hivi kwa gramu 100, ambayo husaidia chuma kuingia. Ila kama ni vitamini C unayoitafuta, pera linaipita mbali: zaidi ya miligramu 200 kwa gramu 100, na lina nyuzinyuzi, na kwa majirani wengi linaokotwa chini ya mti. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu ale pera baada ya maharage na aisogeze chai mbele kwa saa moja au mbili. Bisapu iliyokolea nayo aiweke mbali na vidonge vyake vya chuma mpaka amwulize mkunga.

Ningeweka feza wapi

Kwa mtoto mdogo: mawese mekundu, lengalenga, papai na pera kwanza. Frezi zije kama furaha, ndani ya mashanza, zikiwa za bei nzuri.

Kwa mwenye shinikizo la damu: bisapu isiyo na sukari au yenye sukari kidogo, betrave mara kwa mara, chumvi ipunguzwe, na vidonge viendelee kama alivyoandikiwa. Hakuna rangi inayochukua nafasi ya vidonge.

Kwa mwenye kisukari: frezi mbichi ni rafiki yake kuliko matunda mengi, kwa kuwa zina sukari gramu 5 hivi tu kwa gramu 100. Konfitiri na juisi aziache.

Kwa aliye mzima mwenye uwezo kidogo wa kuchagua: bakuli la frezi au beri nyeusi mara tatu kwa juma msimu ukiwepo, pruni za Japani msimu usipokuwepo, daima tunda zima. Kula mara kwa mara kunafaa kuliko kula nyingi siku moja, kwa sababu vipande vile vya rangi hukaa mwilini siku mbili hivi, kisha hutoka.

Kwa unga wa kopo: sifuri. Mara nyingi umekaushwa kwa joto usilolijua, umekaa safarini na dukani muda usioujua, na kwa feza yake mama wa Kabare angekupa frezi za msimu mzima.

Unapozichagua sokoni, tafuta iliyoiva nyekundu hadi kwenye mabega karibu na majani. Frezi iliyochumwa ikiwa nyeupe begani haiongezi utamu nyumbani. Kataa bakuli lenye maji mekundu chini. Maji yale ni rangi na vitamini zilizokwisha kutoka. Usizioshe mapema, na usizitoe vikonyo kabla ya kuziosha, maana maji huingia na rangi hutoka. Na uzioshe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa klorini, moja moja, kabla tu ya kula. Frezi hulala juu ya udongo, humwagiliwa kwa maji ya mtoni, na kipindupindu kando ya ziwa letu la Kivu hakijawahi kuondoka kwa muda mrefu.